Mtaka cha mvunguni: ujuzi wa Linux usiochakaa

Seva imegoma kuandika. Programu inalalamika kwamba diski imejaa, `df -h` inaonyesha asilimia 100, lakini ukijumlisha mafaili yote kwa `du` unapata nusu tu ya ukubwa wa diski. Nusu nyingine iko wapi? Swali hili humpima mhandisi vizuri kuliko ukurasa mzima wa wasifu wake. Asiyejua huanza kufuta ovyo. Anayejua kidogo huzima mashine na kuiwasha, tatizo likatoweka bila yeye kujua lilikuwa nini, na baada ya wiki chache likarudi. Aliyeelewa msingi hujiuliza kwanza faili ni kitu gani machoni pa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux.

Jina la faili na data yake ni vitu viwili. Amri ya `rm` huondoa jina. Data hubaki diskini mpaka mchakato (programu inayoendeshwa) wa mwisho ulioshika faili hilo uliachie. Logi (faili la kurekodi matukio) ya GB 40 iliyofutwa jana, huku programu ikiendelea kuiandikia, haionekani kwa `du` kwa sababu `du` hupita kwenye majina, ila `df` huihesabu kwa sababu huuliza mfumo wa mafaili wenyewe. `lsof +L1` hukuonyesha mafaili ya aina hiyo pamoja na namba za michakato inayoyashikilia. Hapo unaweza kuwasha upya programu hiyo peke yake, au ukaifyeka data bila kuizima programu, NAMBA ikiwa ya mchakato na N ya faili lililoshikwa, kwa kuandika `: > /proc/NAMBA/fd/N`. Kama `lsof` haioni kitu, kuna pengine pa kutazama: huenda mafaili yaliandikwa ndani ya saraka kabla diski nyingine haijapachikwa juu yake, yakafunikwa. Ukifanya `mount --bind / /mnt` kisha ukapima kwa `du` ndani ya `/mnt`, yanajitokeza. Na kuna kinyume chake: `df -h` inaonyesha nafasi tele, na bado programu inaambiwa diski imejaa. Tazama `df -i`. Zilizokwisha ni inodi, yaani rekodi ambazo kila faili huhitaji moja, mara nyingi kwa sababu ya saraka moja yenye mamilioni ya mafaili madogo ya muda ambayo hakuna aliyepangiwa kuyasafisha.

Hakuna hata moja kati ya haya lililobuniwa juzi. Uhusiano huo wa jina, inodi na data umekuwamo ndani ya Unix, mfumo endeshi uliotangulia Linux, tangu miaka yake ya mwanzo katika maabara ya Bell Labs, na Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991 aliurithi kama ulivyo. Ndiyo maana naona kosa kubwa katika namna watu wengi wanavyojenga kazi zao za teknolojia: kila mwaka wanajifunza zana mpya ya juu, na tabaka la chini wanaliacha likiwa kiza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii kuinama si kwa mwanafunzi peke yake. Anapaswa kuinama mwenye mwaka mmoja kazini, na aliye na miaka kumi na mitano vilevile.

Chukua kontena. Docker, zana ya kuendesha makontena, ilitoka mwaka 2013 na Kubernetes 1.0, ya kuyasimamia kwenye mashine nyingi, ikafuata mwaka 2015, na wengi wakajifunza amri zake bila kujua wanaamrisha nini. Kontena si mashine ndogo. Ni mchakato wa kawaida wa Linux uliotengwa kwa nafasi za majina (namespaces), zinazoufanya uone sehemu yake tu ya mfumo na ambazo zilianza kuingia kwenye kerneli mwaka 2002, na kuwekewa mipaka ya rasilimali kwa cgroups, zilizoingia katika toleo 2.6.24 Januari 2008. Ukilijua hili, malalamiko mengi ya kontena yanageuka kuwa maswali ya Linux ya zamani. Kwa nini kontena huchukua sekunde 10 kamili kuzimika kila mara? Kwa sababu `docker stop` hutuma ishara ya SIGTERM (ombi la kujifunga), husubiri sekunde 10, kisha hupiga SIGKILL (ya kuua papo hapo). Mchakato namba 1 ndani ya kontena una hadhi ya pekee: ishara ambayo haukujiandalia kuipokea haiufikii. Kama kilichoanza ni skripti ya sheli (programu inayosoma na kutekeleza amri), na programu yako ikazaliwa kama mtoto wake, sheli haiipitishi ishara kwa mtoto. Programu haipati nafasi ya kufunga miunganisho ya hifadhidata, maombi ya watumiaji yanakatwa katikati. Dawa yake ni neno moja, `exec`, kabla ya amri ya mwisho ya skripti, ili programu ichukue nafasi ya sheli. Kubernetes husubiri sekunde 30 badala ya 10, lakini ugonjwa ni uleule.

Au tazama kontena linalokufa na namba 137. Wengi hukariri kwamba 137 maana yake ni kumbukumbu imekwisha. Si lazima. Namba hiyo ni 128 kujumlisha 9, yaani mchakato umeuawa kwa ishara namba 9, na aliyeua anaweza kuwa kerneli baada ya kikomo cha kumbukumbu kuvukwa, au anaweza kuwa ni msimamizi wa kontena aliyechoka kusubiri zile sekunde 10. `journalctl -k` itakuambia kama kerneli ndiyo iliyoua. Ukiongeza kumbukumbu wakati kosa ni la ishara, umenunua RAM bure na hitilafu iko palepale.

Sasa mtu atajifunzaje haya? Kusoma kunasaidia, na kurasa za `man`, mwongozo uliomo ndani ya mfumo wenyewe, ni hazina ambayo haijafunguliwa vya kutosha: sehemu ya 1 ni amri, ya 2 ni miito ya kerneli, ya 5 ni miundo ya mafaili, ya 7 ni dhana, ya 8 ni usimamizi. `man 7 signal` na `man 5 proc` pekee zina kazi ya mwezi mzima. Lakini kusoma peke yake hudanganya, maana ukisoma maelezo mazuri unahisi umeelewa. Kinachothibitisha ni kuharibu kwa makusudi na kutengeneza kwa mkono wako.

Huhitaji mtambo mkubwa. Mashine pepe moja (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) yenye prosesa 2, kumbukumbu ya GB 2 na diski ya GB 20 inatosha kabisa. Kabla ya kila zoezi, hifadhi picha ya hali yake ili uweze kurudi nyuma. Kisha anza na diski: `truncate -s 200M diski.img`, halafu `mkfs.ext4 -N 1000 diski.img`, uipachike kwa `mount -o loop`, na uunde mafaili matupu mpaka mfumo ukatae. Utakataliwa ukikaribia faili la elfu moja hivi, huku `df -h` ikionyesha diski karibu tupu. Mtu aliyeuona ukinzani huo kwa macho yake hausahau.

Kwa mtandao, `tc qdisc add dev lo root netem delay 200ms` huchelewesha kila pakiti inayotoka kwenye kiolesura cha ndani. Piga `ping` kwa 127.0.0.1 na utaona milisekunde 400, si 200, na hapo ndipo somo lilipo: swali linacheleweshwa, na jibu nalo linatoka kupitia kiolesura kilekile. Ongeza `loss 5%` uone jinsi programu yako inavyojiumauma pale pakiti chache tu zinapopotea. Ukimaliza, `tc qdisc del dev lo root`. Katika zoezi hilohilo jifunze kutofautisha namna mbili za muunganisho kushindwa ambazo wengi huzichanganya. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida mashine ya mbali iko hai na imejibu kwamba hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Nenda ukatazame `ss -ltnp`, na uangalie hasa kama programu inasikiliza 127.0.0.1 (ndani ya mashine tu) badala ya 0.0.0.0 (violesura vyote), kosa linalokula saa nyingi za watu. Muunganisho ukining'inia mpaka muda uishe, pakiti zinatupwa njiani kimyakimya, na mshukiwa wa kwanza ni ukuta wa moto (firewall) au njia isiyo sahihi. Kuwasha upya programu katika hali hii ya pili ni kupoteza wakati.

Zoezi ambalo ningelifanya la lazima ni la kuwaka. Weka mstari wenye kitambulisho cha diski isiyokuwapo ndani ya `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa mashine ikiwaka, kisha washa upya. systemd, programu inayoanzisha huduma zote za mfumo, itaisubiri diski hiyo kwa sekunde 90, itakata tamaa na kukutupa kwenye hali ya dharura. Katika usambazaji (distro) wa Linux ambao akaunti ya root, yaani msimamizi mkuu, imefungwa, hata hali hiyo ya dharura huenda isikuruhusu uingie, na hapo itakubidi uongeze `init=/bin/bash` kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, kisha `mount -o remount,rw /`, urekebishe faili na uwashe tena. Baadaye jifunze neno `nofail` na uliweke kwenye kila diski ambayo mashine inaweza kuishi bila hiyo. Afadhali mikono ikutetemeke kwenye mashine ya mazoezi kuliko saa nane usiku kwenye ile inayobeba wateja.

Kuna kanuni moja ya mazoezi haya ambayo bila hiyo thamani yake hupungua nusu: andika utabiri wako kabla ya kubonyeza kitufe. Mstari mmoja tu, nadhani itatokea hivi kwa sababu hii. Ukikosea, hapo ndipo pa kuchimba. Ukipatia kila mara, mazoezi yamekuwa mepesi mno.

Kuhusu vyeti nitasema machache. Mtihani wa kuchagua majibu hupima kumbukumbu. Mitihani kama RHCSA ya Red Hat, ambayo mtahiniwa hukaa mbele ya mfumo ulio hai na mipangilio yake sharti idumu hata baada ya mashine kuwashwa upya, inapima kitu kilicho karibu zaidi na kazi. Kama pesa na muda vinatosha mtihani mmoja tu, chagua wa vitendo.

Baada ya miaka michache kazini, ujuzi unaokosekana zaidi si wa amri bali wa kupima. Seva ina prosesa 8 na wastani wa mzigo unasoma 60. Mkutano unaitishwa kununua mashine kubwa zaidi. Ila kwenye Linux wastani huo hauhesabu tu michakato inayosubiri prosesa, unahesabu pia iliyo katika hali ya D, yaani inayosubiri kitu kama diski bila kuweza kukatizwa. Prosesa zinaweza kuwa zimelala kwa asilimia 95 huku mzigo ukisoma 60 kwa sababu seva ya mafaili ya mtandaoni imeacha kujibu. `ps -eo state,pid,wchan:30,cmd | grep ^D` hukuonyesha michakato hiyo na inasubiri wapi ndani ya kerneli. Kumbukumbu nayo husomwa vibaya hivyohivyo: mtu anatazama safu ya `free`, anaona MB 200 na kupiga yowe, ilhali kerneli imeitumia RAM iliyobaki kama kache ya mafaili na itaiachia ikihitajika. Safu ya kusoma ni `available`, ambayo kerneli imekuwa ikikokotoa thamani yake tangu toleo 3.14 la mwaka 2014.

Mfano bora wa thamani ya kupima ulitokea Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa wasanidi wa mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata na alitaka mashine itulie. Akaona michakato ya sshd, inayopokea wanaoingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH, ikila prosesa kuliko inavyostahili, hata kwa majaribio ya kuingia yaliyokuwa yakishindwa mara moja. Aliipima: jaribio lililokuwa likichukua sekunde 0.299 sasa lilichukua 0.807. Zana ya `perf` ikaonyesha muda unapotelea ndani ya maktaba ya liblzma, mahali pasipokuwa na jina la kazi yoyote, naye akakumbuka lalamiko la ajabu la Valgrind, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, aliloliona wiki kadhaa nyuma. Tarehe 29 Machi alitangaza alichokipata: mlango wa siri uliopandwa ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data yenye maktaba hiyo ya liblzma, unaojulikana leo kama CVE-2024-3094, kabla haujasambaa kwenye usambazaji mkuu wa seva. Nusu sekunde. Wengi tungeipuuza. Yeye alijua sshd inapaswa kuchukua muda gani na alijua zana za kuuliza muda umekwenda wapi, na huo ni ujuzi wa tabaka la chini kabisa.

Upande wa uhandisi wa programu una mvungu wake pia. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, ilianzishwa na Torvalds Aprili 2005, na watu wengi wanaoitumia kila siku hawajawahi kugusa `git bisect`, inayotafuta badiliko lililoleta kosa. Mabadiliko 1,000 kati ya toleo zima na toleo bovu huchujwa kwa hatua 10 hivi, kwa kugawanya nusu kwa nusu. Ukiwa na skripti inayorudisha 0 palipo pazima na 1 palipo pabovu, `git bisect run` hufanya kazi yote peke yake, na namba 125 huiambia iruke hatua isiyoweza kujengwa. Sharti lake ni nidhamu: mabadiliko madogo, kila moja likijengeka lenyewe. Badiliko moja lenye mafaili 80 na maelezo yasemayo "marekebisho" huua zana hii. Na anayedhani amepoteza kazi baada ya `reset` mbaya ajue `git reflog`, ambayo kwa kawaida hutunza njia ya kurudi kwa siku 90, au 30 kwa mabadiliko yasiyofikika tena.

Kisha skripti za sheli, mahali ambapo wahandisi wazuri huandika msimbo mbaya kuliko wote. Tazama mstari huu wa nakala rudufu: `pg_dump duka | gzip > nakala.gz`. `pg_dump`, inayonakili hifadhidata ya PostgreSQL, ikishindwa, bomba zima (amri zilizounganishwa kwa `|`) bado hurudisha 0, yaani mafanikio, kwa sababu sheli hutazama amri ya mwisho tu, na `gzip` ilifanya kazi yake vizuri: ilibana utupu. Matokeo ni faili safi la baiti 20, kila usiku, kwa miezi. `set -o pipefail` hulizuia hilo. Ukiongeza `-e` na `-u` umepata kinga zaidi, lakini usiziamini kupita kiasi: `-e` haifanyi kazi ndani ya sharti la `if`, na `local x=$(amri)` humeza kushindwa kwa amri kwa sababu kinachosomwa ni mafanikio ya `local`. Panga skripti hiyohiyo kwenye cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, na mitego mingine miwili inakungoja: PATH yake (orodha ya saraka ambamo amri hutafutwa) ni fupi, mara nyingi `/usr/bin:/bin` tu, na alama ya `%` ndani ya crontab hugeuzwa kuwa mstari mpya, hivyo `date +%F` huvunjika mpaka uitangulize kwa mkwaju wa nyuma. ShellCheck, zana ya kukagua skripti, itakuonya kuhusu mengi ndani ya skripti, isipokuwa haya ya cron.

Wasaidizi wa akili mnemba wameufanya msingi huu uwe wa lazima zaidi, si wa ziada. Amri sasa hupatikana kwa sekunde, kwa hiyo kazi iliyobaki kwa mtu ni kuhukumu kama amri hiyo itaua mashine. Ukiambiwa `chmod -R 777` kwa tatizo la ruhusa, unapaswa kujua kwamba SSH itaanza kukataa funguo kwa sababu saraka ya nyumbani inaandikika na kila mtu, na kwamba ukiipiga kwenye mzizi wa mfumo, `sudo` yenyewe itapoteza biti yake ya setuid, inayoipa mamlaka ya root, na hutakuwa na njia rahisi ya kurudi. Njia sahihi ingekuwa `namei -l` ikifuatwa na njia ya faili, inayoonyesha ruhusa za kila saraka kutoka juu hadi chini. Mara nyingi kilichokosekana ni `x` moja kwenye saraka ya katikati.

Hatari kubwa zaidi ya yote huwapata wakuu. Cheo kinapanda, mikutano inaongezeka, na mikono inatoka kwenye terminali. Baada ya miaka miwili mtu anaidhinisha miundo ambayo hawezi tena kuitengeneza ikiharibika. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, akihangaikia nakala ya pili ya hifadhidata usiku, alifuta saraka kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Kati ya GB 300 zilibaki 4.5 hivi alipozuia amri. Huyo si wa kulaumiwa sana. Kilichoumiza ni kwamba nakala za `pg_dump` zilikuwa zimeshindwa kwa muda mrefu, kwa sababu zana ya toleo 9.2 ilikuwa ikitumiwa kwa hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikataliwa na seva ya barua kwa kukosa uthibitisho wa DMARC, utaratibu wa kuhakiki mtumaji wa barua. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyopigwa saa 6 kabla. GitLab waliyaeleza haya yote hadharani, na wanastahili heshima kwa hilo.

Kwa hiyo mkuu wa timu ajipangie zoezi moja kila robo mwaka, asilikabidhi kwa mwingine. Achukue mashine tupu, nakala rudufu ya jana na maelezo yaliyoandikwa ya urejeshaji, awashe saa, na arejeshe hifadhidata mwenyewe mpaka programu isome rekodi anayoijua. Asimuulize mtu yeyote kitu. Kila mahali atakapokwama pana nenosiri lisilojulikana lilipo, toleo lisilolingana, au hatua iliyo kichwani mwa mtu mmoja tu, na hizo ndizo kazi za timu kwa mwezi unaofuata. Muda uliosomeka kwenye saa uandikwe pia, maana ndio utakaoulizwa siku mfumo ukianguka.